Mali na Mageuzi ya Zama: Somo la Karafuu, Deni na Akiba

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kukunjua riziki na kuidhikisha kwa hikima yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ajue msomaji ya kwamba wazee wa pwani wamesema: dau la mnyonge haliendi joshi. Bahari ni moja na upepo ni mmoja, lakini jahazi kubwa hupita na dau hubaki nyuma. Ndivyo ilivyo mali siku za mageuzi. Bei ikipanda au ikishuka, sarafu ikibadilishwa, mvua ikikosa, watu wote hufikwa na jambo lile lile. Lakini yuko atokaye na mali zaidi, na yuko atokaye hana shamba. Na tofauti yao mara nyingi si akili wala bidii. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliweza kungoja na wa pili hakuweza. Alazimikaye kuuza leo humpa mali yake yule awezaye kununua leo na kuuza kesho. Jambo hili ndilo litakalobainishwa katika somo hili, kwa khabari ya Unguja na Pemba, kisha kwa hisabu, kisha kwa yale yampasayo Muislamu kuyafanya.

FASILI YA KWANZA: Khabari ya mti mmoja

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Uliletwa Unguja katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na katika zama za Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, watu wakaupanda kwa pupa. Wakang'oa miti mingine ili wapande karafuu, kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa sana. Hata ilipofika miaka ya 1840 karafuu zikajaa sokoni na bei ikaanguka. Wakaona waliokuwa na macho ya kuona ya kwamba mti umtajirishao mtu mmoja haumtajirishi kila mtu akiupanda.

Na yapasa isemwe kweli: utajiri ule ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Wao ndio waliolima, wakapalilia, wakachuma, na fungu lao halikuwa na uwiano na taabu yao. Basi tofauti ya tajiri na maskini katika visiwa hivyo haikuletwa na soko peke yake. Ilianza katika dhulma.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 dhoruba kubwa ikaipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba ya Pemba wakafaidika. Ama wenye mashamba ya Unguja hawakuwa na cha kuuza, nao mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Wakakopa ili wapande tena, na wakakopa ili wale huku wakingoja. Kisha mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa, na mwaka 1897 sheria ya utumwa ikaondolewa. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa nguvu ikawa ya ujira. Mwenye shamba asiyekuwa na akiba akaenda kwa tajiri wa mjini kutaka fedha ya kuwalipa wachumaji, akaweka shamba rahani.

Wakopeshaji wengi walikuwa wafanya biashara wenye asili ya Bara Hindi. Nao pia walikuwa na madeni kwa nyumba kubwa za biashara, nyingine zikiwa Bombay. Basi deni lilikuwa mnyororo: mchumaji amdai mwenye shamba, mwenye shamba adaiwa na mwenye duka, mwenye duka adaiwa na tajiri wa ng'ambo. Bei ilipoanguka ulimwenguni kote baada ya mwaka 1929, mnyororo wote ukavutwa, na aliyekuwa chini kabisa ndiye aliyeumia kwanza, kwani ujira wa pishi ulishuka pamoja na bei ya karafuu.

Mwaka 1934 serikali ya Unguja ikatoa sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiuzwe kwa wengine ila kwa idhini, na madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda. Mwaka 1937 chama cha wakulima wa karafuu kikapewa peke yake haki ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanya biashara wakagoma, na wanunuzi wa India wakazisusia karafuu, hata ikapatikana sulhu mwaka 1938. Ugomvi ule watu wengi waliuona kuwa ni ugomvi wa kabila na kabila. Lakini shina lake lilikuwa hisabu: mashamba yalikwisha kufungwa katika madeni kabla ya sheria yoyote kuandikwa.

Wala mageuzi hayakukoma hapo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa na serikali, na mengi yakagawanywa eka tatu tatu. Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba kwa ajili ya sigara zake zitiwazo karafuu, ikapanda mikarafuu mingi ya kwake, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka tena. Mti uliotoka kwao ukawatosheleza kwao. Mtu aliyekuwa na mkarafuu tu, na nyuma yake hana kitu, hakuwa na la kufanya ila kuuza kwa bei aliyopewa.

FASILI YA PILI: Jinsi deni linavyohamisha mali

Na ichukuliwe mifano mitatu, iliyotungwa kwa kufahamisha tu.

Mfano wa kwanza: mtu alikopa rupia 120 wakati farasila moja ya karafuu yauzwa rupia 12. Deni lake ni farasila 10. Ilipofika siku ya kulipa, bei ilikuwa rupia 6. Rupia alizodaiwa ni zile zile 120, wala haikuzidi hata pesa moja ya riba. Lakini sasa yampasa atoe farasila 20. Na ikiwa shamba lake lilizaa farasila 15 tu, ametoa mavuno yake yote, na bado adaiwa rupia 30. Atakula nini mpaka mavuno mengine? Atakopa tena. Hapa msomaji na atambue ya kwamba bei ikishuka deni hukua, ingawa katika karatasi halikuongezwa.

Mfano wa pili: mtu amefikwa na haja wakati wa masika, akamwendea tajiri, akauza farasila 10 za karafuu ambazo bado hazijatoa hata vikonyo, kwa rupia 8 kila farasila. Akapewa rupia 80. Wakati wa mavuno bei ikawa rupia 12. Mali aliyoitoa ni ya rupia 120. Rupia 40 zimehama kutoka kwake kwenda kwa aliyeweza kungoja. Ni kweli ya kwamba bei ingaliweza kushuka hata 6, na tajiri akapata khasara ya rupia 20. Lakini tajiri aweza kuzitia karafuu ghalani mpaka bei irudi. Na mwenye shamba hana ghala wala siku.

Katika jambo hili sharia imeweka mipaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda ya mti kabla haujadhihiri wema wake. Na bei iitwayo na wanavyuoni salam, ambayo kwayo mtu hutanguliza thamani akapewa mali baadaye, imeruhusiwa kwa masharti: thamani itolewe yote pale pale katika kikao, na mali isifiwe sifa yake, na kipimo chake kijulikane, na muda wake ujulikane, wala isifungwe kwa matunda ya shamba fulani. Masharti hayo ni ngome ya mnyonge. Na pamoja na hayo, si kila lililo halali ni la busara kwa kila mtu.

Mfano wa tatu ni bei ya khiyari, iliyoenea sana Unguja na Oman. Na mfano wake katika Hadhramaut huitwa uhda. Mtu huuza shamba lake, tuseme kwa rupia 500, kwa sharti la kuwa na khiyari ya kulikomboa akirudisha fedha katika muda uliowekwa. Naye hubaki shambani, akilipa kodi kila mwaka kama mpangaji. Muda ukipita hakukomboa, shamba limekwenda. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika bei hii: wako walioijuzisha kwa sababu ya haja ya watu, na wako walioiona kuwa ni riba iliyovikwa kanzu. Ama khabari ya mali yake haina khitilafu: kodi alipayo mtu katika shamba lake mwenyewe haipunguzi hata rupia moja katika zile 500. Amelipa miaka 10, na deni limesimama kama siku ya kwanza.

Na mkopo wa siku hizi upatikanao kwa simu, wa siku 30, hauna karatasi ya shamba wala shahidi. Lakini mlango wake ni ule ule. Hupatikana upesi kwa sababu haja ni ya upesi; na alipaye mkopo kwa mkopo amekwisha kuingia katika mnyororo uliotajwa.

FASILI YA TATU: Sarafu nayo si mwamba

Huenda mtu akasema: basi na aepuke deni, aweke fedha taslimu ndani ya sanduku, asalimike. Jibu lake ni kwamba sarafu nayo hugeuka.

Katika mwaka 1871 rupia ya fedha ilikaribia shilingi 2 za Uingereza. Kisha thamani ya madini ya fedha ikashuka ulimwenguni, na mwaka 1893, serikali ya India ilipozuia watu kupeleka fedha yao kupigwa sarafu, rupia ilikuwa chini ya shilingi 1 na peni 4. Aliyeweka rupia zake sandukuni hakuibiwa hata moja, na hali akiba yake ya kununulia vitu vya Ulaya ilikwisha kupungua kama theluthi.

Kisha jambo likageuka kinyume. Kabla ya vita vya mwaka 1914 rupia ilikuwa shilingi 1 na peni 4. Baada ya vita bei ya rupia ikapanda, na mwaka 1920, katika Kenya na Uganda, serikali ikaifunga kwa shilingi 2. Aliyekopa rupia 300 zilipokuwa sawa na pauni 20, akajikuta adaiwa pauni 30. Unguja ikabaki na rupia mpaka mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50. Basi rupia iliyohesabiwa Mombasa kwa shilingi 2, Unguja ilihesabiwa kwa moja na nusu.

Na khabari ya karibu zaidi: mwaka 1966, shilingi ya Tanzania na shilingi ya Kenya zilipoanza, dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 7 katika nchi zote mbili. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 120 za Kenya, na zaidi ya shilingi 2,000 za Tanzania. Mtu aliyefukia shilingi zake mwaka 1966 ili ziwafae wajukuu, amewaachia karatasi.

Basi muhtasari wake ni huu: bei zikishuka, deni humla mdeni; bei zikipanda, sarafu iliyolala humla mwenye kuiweka. Na mnyonge mara nyingi huwa katika hali zote mbili, kwani ana deni, na kile kidogo alicho nacho ni sarafu tupu.

FASILI YA NNE: Yampasayo mtu katika mali yake

La kwanza, aandike. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya deni, nayo ni ya 282 katika Sura ya Bakara. Humo imeamrishwa deni la muda liandikwe, na mwandishi awe muadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye aimlishe, na mashahidi wawepo. Kumfanya mdeni aimlishe ni hikima kubwa, kwani ndiye dhaifu katika maafikiano yale. Na iandikwe tarehe, na sarafu gani, na mipaka ya shamba, na idadi ya miti. Wala mtu asitie sahihi au kidole katika karatasi asiyoweza kuisoma mpaka asomewe na mtu wa upande wake.

La pili, asikopee fahari. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtume mwenyewe alifariki na deraya yake iko rahani kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani mwake. Basi rahani si haramu, lakini na itazamwe ilikuwa kwa ajili ya nini. Ilikuwa kwa ajili ya chakula, si kwa ngoma wala mapambo.

La tatu, asiweke rahani kitu kinachomlisha. Mwenye haja na aanze kwa kuuza kile asichokitumia, kabla ya kugusa shamba, au chombo cha bahari, au zana za kazi yake. Na dhahabu ya mke ni mali ya mke, na mali ya yatima ni ya yatima. Haifai kuzifunga katika deni la mume au la msimamizi.

La nne, aweke akiba ya kungojea. Nabii Yusuf, amani imshukie, hakuwafundisha watu wa Misri kutabiri bei; aliwafundisha kuhifadhi katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Na aanze kwa matumizi ya mwezi mmoja, kisha msimu mmoja, kisha mwaka. Mwenye chakula cha mwaka halazimiki kuuza karafuu zake mbichi. Akiba haiozi, na faida yake kubwa ni kumpa mtu uhuru wa kusema: leo siuzi.

La tano, asitegemee mti mmoja. Makureshi walikuwa na safari mbili, ya kipupwe na ya kiangazi. Mwenye karafuu na awe na minazi, na muhogo, na migomba. Mvuvi na awe na ufundi mwingine kwa siku za bahari chafu. Mwenye mshahara na awe na kipande cha ardhi. Na akiba yake isiwe yote sarafu, wala isiwe yote dhahabu, kwani khabari ya madini ya fedha imekwisha kutajwa. Na amkimbie amwahidiye faida kubwa isiyo na khasara, kwani biashara ya namna hiyo haipo.

La sita, ajue bei kabla ya kwenda sokoni, wala asiende peke yake akiweza. Wakulima 20 wenye mzani wao na ghala yao huuza kama tajiri mmoja. Na mtu mmoja mwenye gunia moja huuza kama mwombaji.

La saba, aandike wasia na madeni yake. Deni hutangulia mirathi, na wasia hauzidi theluthi. Mtume alimfahamisha sahaba wake Saad bin Abi Waqqas ya kwamba ni bora kuwaacha warithi wake katika hali ya kujitosha kuliko kuwaacha wakiomba watu.

FASILI YA TANO: Yawapasayo wenye uwezo wa kungoja

Yaliyotajwa humwokoa mtu mmoja, lakini mji hauokoki kwa akiba ya mtu mmoja mmoja. Katika Sura ya Hashri, aya ya 7, imebainishwa ya kwamba mgawanyo wa mali ile iliyopatikana bila ya kupigana uliwekwa ili mali isizunguke kwa matajiri peke yao. Basi mwenye uwezo wa kungoja ana haki juu yake.

Kwanza ni zaka. Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, karibu gramu 85. Na ya fedha ni dirhamu 200, karibu gramu 595. Na kitolewacho ni moja katika 40 kila mwaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, karafuu hazitolewi zaka ya mazao, kwa kuwa si chakula cha kushibisha. Wako walioshika hilo wakasahau la pili: mwenye kununua karafuu kwa biashara, zaka ya tijara yamlazimu kwa thamani yake mwaka ukitimia, na fedha iliyotokana na mavuno, ikifika nisabu na ikakaa mwaka, zaka yake yalazimu vile vile.

Pili ni muhula. Mdeni aliye katika dhiki imeamrishwa apewe muda mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Mkopeshaji anayeingojea siku ya bei kuanguka ili atwae shamba, huyo hakukopesha, bali alitega.

Tatu ni ujira. Mchumaji alipwe mara amalizapo kazi, na kwa pishi iliyo sawa.

Nne ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, alishauriwa na Mtume aifunge shina lake na atoe matunda yake. Ikawa haiuzwi, wala haitolewi, wala hairithiwi. Na jamaa wa mtaa mmoja waweza kufanya vivyo hivyo kwa udogo wao: minazi 30 iliyowekwa wakfu, mavuno yake yakawa mfuko wa mikopo isiyo na riba wakati wa masika, kabla ya mavuno, wakati ule ule ambao mnyonge huenda kwa tajiri. Mfuko kama huo, ukiandikwa vizuri na ukawa na msimamizi anayehesabiwa kila mwaka, huwapa watu wengi kile alichokuwa nacho mmoja tu, nacho ni uwezo wa kungoja.

MAS-ALA YA KUDURUSU

1. Kwa nini deni la rupia 120 liliongezeka bila ya riba?
2. Ni lipi sharti la salam linalomlinda zaidi mwenye shamba, na kwa sababu gani?
3. Kila mmoja na ahesabu: lau mapato yake yangalikatika leo, angaliweza kungoja siku ngapi kabla ya kuuza au kukopa?
4. Katika mtaa, ni nani alazimikaye kuuza kila masika, na ni wangapi wawezao kukutana wamwondolee lazima hiyo?

Mwenyezi Mungu awakunjulie waja wake riziki ya halali, awalipie wenye madeni madeni yao, na azilainishe nyoyo za wenye kudai. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.